Mizigo Miwili ya Avoine

Consolate aliinama tena, akashika fungu la avoine kwa mkono wa kushoto, akalikata kwa mundu na kuacha mashina ya vidole vinne ili yachipuke upya. Ni majani ya ng'ombe, yanafanana na ngano changa, na kiangazi hiki hapa Gasenyi ng'ombe wake hana chakula kingine. Kumfungulia akale njiani haiwezekani. Ng'ombe akionekana nje ya zizi anachukuliwa na Leta, serikali, na kumrudisha ni kilio.

Shamba lilikuwa na vipande viwili. Cha chini, alichokuwa akikikata, hakikupata mbolea. Cha juu, kilichopandwa mapema, alikimwagia juzi yurea aliyopewa na Dieudonné, monita wa kilimo. Gunia lilichelewa mwezi mzima, na tangu alifungue moyo wake haukutulia. Asubuhi ile alikuwa amekoroga konzi moja ndani ya kikombe cha maji. Yurea ya kweli hupoza maji mpaka kikombe kinatoa jasho. Chake kilibaki vuguvugu, na chini kukatuama mchanga mweupe.

"Labda iliingia maji," alisema jirani yake, Geneviève, aliyekaa ukingoni juu ya gunia lake mwenyewe, bado limeshonwa. "Ule ni mutu wa Leta, Consolate. Usimusingizie."

"Mi simusingizii. Niko naangalia tu. Na we, uzi wa gunia yako uliuangalia? Huku mweupe, huku mweusi. Nani alishona mara ya pili?"

Geneviève alivuta kitenge chake kikafunika mshono.

Saa nne Dieudonné akafika na mtu wa baiskeli. Alifuata agashimwe, shukrani yake. Kila aliyepata gunia humpa majani kwa ajili ya ng'ombe wake wawili. Asiyetoa, msimu unaofuata jina lake halionekani kwenye orodha ya mbolea. Hakuna karatasi inayosema hivyo, wala hakuna asiyejua.

"Mama Joëlla, unikatie mizigo mbili. Apana kule chini. Hapa juu, iko marefu."

Consolate alisita. Monita huyuhuyu ndiye aliyewakusanya wakulima nyuma ya kanisa akawafundisha: majani yaliyomwagiwa yurea hayakatwi kabla ya wiki tatu, ng'ombe akiyala anatetemeka, anatoa povu, anakufa. Aliwarudishia somo hilo mara tatu, kama watoto wa shule.

"Monita, hapa nilimwaga mbolea juzi. Ile yako. Angalia, punje zingali kwenye majani."

Consolate mwenyewe hakuyaangalia majani, alimwangalia Dieudonné usoni. Alitamani monita apige kelele. Alitamani sana amwite mjinga, aseme unataka kuniulia ng'ombe! Consolate angeona haya, angeomba msamaha, na angerudi nyumbani na furaha kwamba mbolea ni ya kweli.

Dieudonné alichomoa punje moja, akaisugua kati ya vidole, akaitupa.

"C'est pas grave, haina shida. Kata tu, niko na haraka."

"Na ng'ombe yako?"

"Ng'ombe ni yangu, si yako. Kata!"

Akakata. Alikata kwa sababu msimu ujao upo na orodha ipo. Mizigo miwili ikafungwa vizuri kwenye baiskeli. Dieudonné hata hakukung'uta majani.

Walipopotea kwenye kona, nusu ya kipande cha juu kilikuwa mashina matupu, na bila mbolea ya kweli hakuna kitakachoyachipusha kabla ya mvua. Consolate alihesabu siku za kumlisha ng'ombe wake. Hazikufika kumi na tano.

Geneviève aliinuka. Akautazama mshono wa gunia lake.

"Lete mundu."

Akaukata uzi mweusi, akalikokota gunia mpaka njiani na kulimwaga lote palepale baiskeli ilipopita.

"Kesho anakuja kwangu," alisema. "Apite juu ya mchanga wake."