Ganzi, Gesi, Mshipa, Nusukaputi

1.

— Aliteleza bafuni.

Daktari aliniuliza mimi. Aliyejibu ni mume wangu, Elinihaki.


2. MIMI

Naitwa Nakijwa. Nafundisha ushonaji katika chuo cha ufundi hapa Moshi. Nilikuwa naimba alto kwenye kwaya ya usharika, mpaka meno yangu ya mbele ya juu yaliponitoka.

Mtu asiye na meno hayo hawezi kutamka "f". Jaribu wewe mwenyewe. Bana mdomo wa chini kwa meno ya juu, useme: faraja. Sasa fikiria hakuna cha kubania.

Haraja.

Wanafunzi wangu hawanicheki. Hilo ndilo linaloniuma. Wananiangalia, wanainamisha macho kwenye cherehani, hawanicheki.


3. TANGAZO (ukutani, chumba cha kusubiri)

Wagonjwa wanaowekewa VIPANDIKIZI (skrubu ndogo inayoingizwa kwenye mfupa wa taya, kisha jino bandia likafungwa juu yake mfupa ukishapona) wanajulishwa kwamba njia za kuondoa maumivu na hofu ni kama ifuatavyo:

(a) GANZI. Sindano ya fizi. Mgonjwa yuko macho. Atasikia mlio wa kekee inayotoboa mfupa, hatasikia maumivu.

(b) GESI. Huvutwa kwa pua. Mgonjwa yuko macho ila hajali.

(c) MSHIPA. Dawa ya kutuliza hupitishwa kwenye mshipa wa mkono, pamoja na ganzi. Mgonjwa husinzia, huitika akiitwa, na huweza kuongea. Baadaye huenda asikumbuke chochote.

(d) NUSUKAPUTI. Usingizi kamili. Hufanyika hospitali kubwa tu, chini ya mtaalamu wa usingizi.

Uchaguzi ni wa mgonjwa.


4.

Wa mgonjwa.

Niliusoma mstari huo kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, asiamini, akarudi kuusoma tena.


5. MANENO YA WATU (benchi la nyuma, wanawake wawili)

— Yule si mzee wa kanisa?

— Ndiye. Ona anavyomshikia mkewe mkoba.

— Wangu mimi hata getini hanifikishi.

— Wanaume wa hivi wameisha, shoga yangu.


6. ELINIHAKI, KWA DAKTARI

"Dokta Ndekirwa, mimi nasema hivi. Kama inawezekana, mpeni nusukaputi, alale kama maiti. Haiwezekani? Basi ganzi peke yake. Ni mwanamke mvumilivu, muulize yeyote. Hayo mengine ya katikati, mtu si macho si usingizini, hapana. Hayamfai. Yalishamsumbua."


7. MIMI, NAELEZA ALICHOMAANISHA

Kabla ya kliniki hii nililazwa hospitali nyingine ili mizizi ya meno yaliyovunjika itolewe. Huko walinipa dawa ya mshipani. Walipomaliza, Elinihaki aliketi kando ya kitanda akinipepea kwa gazeti. Nikaongea.

Sikumbuki. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe, tuliporudi nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

"Umesema, 'Eli, weka pasi chini.' Umesema mara ngapi, unajua? Umshukuru Mungu nesi alikuwa ametoka."

Kwa hiyo nilijua mambo mawili. Moja, kwamba kuna dawa inayoweza kusema nisichoweza kusema. La pili sitaki kulieleza kwa urefu. Mkono wangu wa kushoto ulikaa kwenye plasta ngumu, na kanisani tukasema nilianguka ngazini.

Tukasema. Nimeandika "tukasema".


8. PASI

Nilikuwa nanyoosha suti yake ya ibada. Umeme ukakatika. Nikausubiri urudi, haukurudi, suti ikabaki na mikunjo. Akasema nimefanya makusudi, akachukua pasi mkononi mwangu.

Ilikuwa imeshapoa.

Watu wakisikia hivyo watasema: afadhali.


9. CHUMBA CHA UPASUAJI

Daktari Ndekirwa alimwomba mume wangu asubiri nje, ndugu hawaingii. Elinihaki akanibusu kwenye paji la uso mbele yao. Mlango ukajifunga wenyewe, taratibu.

Muuguzi, anaitwa Pendael, alikuwa anavuta ganzi kwenye sindano.

— Mshipa, nikasema.

— Lakini mama, mzee ametuambia…

— Mshipa, sista. Tangu jana sijala. Nimejiandaa.

Daktari akavuta kiti, akaketi usawa wa macho yangu. — Una hofu ya kekee?

— Hapana.

— Sasa dawa ya nini?

— Nikiongea, msininyamazishe. Msikilize.

— Tusikilize nini, mama?

Nikafungua mdomo nimwambie. Nilitaka, Mungu anajua. Kikatoka hiki:

— Niliteleza bahuni.

Mdomo wangu umeisema sentensi hiyo mara nyingi hivi kwamba hainihitaji tena.

Daktari hakuandika kitu. Alinitazama sana, akamtazama Pendael. Akasema, — Mtafutie mshipa, mkono wa kulia.


10.

baridi inapanda mkononi

          taa

kekee     mbali     kama cherehani ya jirani

Nakijwa, fungua mdomo

umefunguka

          umefung


11.

(Hapa sina neno. Kilichosemwa hapa si changu tena.)


12. PENDAEL

Mimi sikumuuliza kitu, na daktari hakumuuliza. Alianza mwenyewe kekee ilipozimwa, daktari akibadilisha ncha.

Alisema pasi. Alisema suti. Alimtaja mumewe kwa jina la kifupi, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto aachie kisu. Kisha akamshukuru Mungu kwamba umeme ulikatika na pasi ikapoa. Nimefanya kazi hii miaka, nimesikia wagonjwa wakitukana, wakiimba, wakiwaita mama zao. Sijawahi kusikia mtu akishukuru namna ile.

Dokta alibaki na mikono hewani. Kisha akasema, "Nipe ncha ya pili." Taya lilikuwa wazi. Ilibidi tumalize kwanza.

Nilimaliza kazi nikilia ndani ya barakoa.


13. MAPUMZIKONI

— Nilisema?

— Ulisema, daktari akajibu.

Nikalia kwa furaha, au kwa kitu kinachofanana nayo. — Basi nendeni mkaseme. Mko wawili mliosikia.

Akatikisa kichwa. — Mama, ulikuwa chini ya dawa. Yeyote atasema mtu aliyeleweshwa huropoka. Na siri ya mgonjwa siitoi bila ruhusa yake. Sikuombi uandikishe maelezo leo. Nataka neno moja tu, kichwa chako kikiwa chako: hutaki kuondoka naye. Ukilisema, Pendael atampigia dada wa dawati la jinsia la polisi, na mlango huu haufunguki. Pumzika kwanza. Nitakuuliza tena.



Niliipa dawa kazi yangu, na sasa wanairudisha kwangu.


14. TANGAZO (mlango wa chumba cha mapumziko)

Mgonjwa aliyepewa dawa ya mshipani HARUHUSIWI kuondoka peke yake. Atakabidhiwa kwa ndugu mtu mzima aliyefika naye.


15.

Atakabidhiwa.


16. ELINIHAKI MLANGONI

— Pole, Mama Neema. Twende, nimeshaleta gari karibu.

Ana khanga mkononi ya kunifunika. Kisha anaona kipande cha plasta mahali ilipoingia sindano ya mshipa.

— Hiyo ya mkononi ni ya nini?

Anamgeukia daktari.

— Dokta. Tulikubaliana ganzi.

— Mgonjwa ndiye anayechagua, mzee.

Anatabasamu. Ana meno mazuri, mume wangu. — Haya. Aliongea?

— Wengi hukoroma tu, daktari anasema.

Elinihaki anacheka kidogo. Ananitazama mimi badala ya daktari, na macho yake yanahesabu.


17. KWAKO UNAYESOMA

Najua unachosubiri. Mimi pia, nikiwa mahali pako, ningesubiri hivyo hivyo, na ningekasirika: mwanamke huyu ana nini, si aseme tu?

Midomo yangu ni mizito kama ya mtu mwingine. Nina pamba mdomoni, nina nyuzi kwenye fizi. Nina binti, Neema, yuko shule ya bweni, baba yake ndiye anayekwenda kumtembelea. Nina mama aliyeniambia ndoa ni kuvumiliana. Nina suti saba za ibada kabatini, zote nimezinyoosha mimi.

Sasa unajua ninachojua.


18.

— Mama, daktari anauliza, na safari hii anasimama. — Kichwa kimetulia? Unajua uko wapi?

Naitikia kwa kichwa.

— Utaondoka na nani?

— Mama Neema, anasema Elinihaki taratibu. Ananyoosha khanga.

Naitoa pamba kwa vidole. Damu inanichuruzika kidevuni na siisikii. Naongea. Midomo siisikii vilevile, na sauti inanifikia kama ya mtu wa chumba cha pili, kwa hiyo sijui ni sentensi ipi iliyotoka, ile iliyozoea au nyingine. Namtazama Pendael nimsome usoni.

Pendael anaweka trei chini. Anatembea hadi mlangoni, mfupi yule, anaupita mkono wenye khanga, anasimama kati yetu na Elinihaki, kisha anaufunga mlango, yeye na khanga yake wakiwa nje. Haufunguki.