Tanzia Iliyomtangulia Mwenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi, gazeti likiwa bado linaning'inia kwenye kamba ya muuzaji, mwandishi wa tanzia aliufungua ukurasa wa vifo. Picha aliyoiona ilikuwa ya mtu aliye hai.

Kosa lenyewe lilikuwa la kipuuzi, na lilikuwa lake. Gazetini kwao tanzia za watu mashuhuri huandikwa mapema, wenyewe wakiwa wazima wa afya, zikawekwa akiba. Yeye, kwa uvivu tu, aliziita kwa majina ya utani. Ya mtunzi wa vile vitabu vya mfukoni vya Kachero Makengeza, vyenye karatasi za njano na jalada la bastola na mwanamke anayepiga yowe, aliiita "Makengeza". Jana alasiri akafariki mwigizaji aliyemwigiza kachero huyo redioni. Msanifu kurasa akaambiwa atafute tanzia ya Makengeza. Akaipata, akaipanga, akaenda zake nyumbani hana hili wala lile.

Kumzika mtu aliye hai ni aibu, lakini aibu huombewa radhi. Kilichomtoa kijasho chembamba kilikuwa aya ya nne. Mwaka juzi mtunzi huyo, mzee sasa, alimnong'oneza kwamba vitabu vyote kumi na tisa vilitungwa na dada yake. Yeye alitia jina lake tu, akala sifa. "Iandike, mwanangu," alimwambia, "ila itoke nikishafukiwa."

Na dada huyo alikuwa anaishi naye nyumba moja. Ndiye aliyempikia, ndiye aliyemfulia, na tangu macho ya mzee yazibwe na mtoto wa jicho, ndiye aliyemsomea gazeti kila asubuhi. Akiisoma aya ile, akaona siri yao imeanikwa, akakasirika akaondoka, mzee angebaki na nani?

Alipanda pikipiki akamhimiza dereva mpaka dereva akamuuliza kama kuna mgonjwa. Aliwakuta barazani. Gazeti lilikuwa limeshafunguliwa.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," dada akaitikia bila kuinua macho. "Kaa. Ndiyo kwanza tuko kwenye vituko. Jamaa kamshtaki jirani yake eti kasuku wa jirani anamtukana. Hakimu kaamuru kasuku aletwe mahakamani."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Na wakili wake nani?"

"Mama, naomba nilione kidogo hilo gazeti," mwandishi akasema.

"Una gazeti zima kazini kwako, unakuja kuninyang'anya langu?" Dada akalikaza mikononi, akafunua ukurasa.

Palibaki ukurasa mmoja kufika vifo. Mwandishi akamwinamia mzee sikioni. "Tanzia yako imetoka leo. Kwa makosa. Yote imetoka, mzee."

Kicheko kikamkatika mzee. "Dada," akasema, "leo ruka vifo."

"Niruke vifo? Wewe ambaye chai haikupiti kooni mpaka ujue kafa nani?"

"Ruka tu. Nimechoka na maiti."

Lakini dada alikuwa ameshafunua. Hakusoma kwa sauti. Macho yake yalishuka polepole kwenye ile safu, na mwandishi akawa anayafuata aya kwa aya, roho mkononi. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne yakasimama, yakarudi juu, yakasoma upya.

"Dada," mzee akaita, kama mtoto aliyevunja kitu. "Dada, sema neno."

Dada alikunja gazeti, akaliweka mezani karibu na kikombe.

"Nilitaka ujulikane," mzee akasema. "Nilitaka watu wote wajue ni wewe uliyetunga."

"Hilo sihitaji kulisoma gazetini, mdogo wangu. Nilikuwepo."

"Nilikuwa naona haya. Nikasema, nikishaondoka..."

"Ukishaondoka." Alilitamka neno hilo taratibu. "Mimi nina miaka themanini na moja. Nakuzidi sita. Miaka yote hiyo, ukiwa na siri yako mfukoni, hukuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ningetangulia mimi?"

Mwandishi aliona uchungu, akatamani angekuwa mahali pengine popote.

Mzee akanyoosha mkono kuutafuta wa dada yake. Aliupapasa mezani, ukapita juu ya gazeti, ukagonga kikombe, ukaendelea kutafuta. Dada alikuwa akiuangalia. Wake ulikuwa pale pale, shubiri moja tu mbali, na hakuusogeza.