Marahaba ya Mama Glory

Siku albamu ya mwanamuziki Sefania ilipofika Shume, Rahabu alikuwa gengeni kwake akifunga karoti mafungu. Fundi simu wa jirani aligeuza spika zake zikatazama barabara, akaongeza sauti. Mdundo mzito ukaingia, kisha humo spikani sauti ya Rahabu ikaitikia, "Marahaba."

"Mama Glory, leo umeamka vizuri," alisema mteja mmoja, akaendelea kuchagua vitunguu.

Rahabu hakumjibu. Alikuwa hajamjibu mtu yeyote kwa miaka kumi na mmoja.

Sauti yake ilichukuliwa asubuhi moja, kwenye shamba la kabichi. Sefania, ambaye hata jembe hajui linashikwaje, alikuja na kinasa sauti kipya, akakiweka juu ya debe. Mashine ikasema, "Shikamoo." Rahabu alijua kabisa ni mashine, macho anayo. Lakini huku juu milimani shikamoo haiachwi hivihivi, hata ikitoka kwa mlevi, kwa hiyo akaitikia. Kinasa sauti kikajizima. Rahabu alipotaka kumkaribisha kijana uji, kinywani hakikutoka kitu. Sefania akakunja nyaya zake, akashuka Dar es Salaam, asitoe wimbo wowote mpaka albamu hii. Watu walimlaumu Rahabu: nani kamtuma kuitikia mashine? Na asingeitikia, haohao wangesema ana kiburi.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba albamu ilikuwa nzuri. Aliisikiliza nyimbo zote tisa, mikono imejaa udongo, akitafuta pa kuidharau asipaone. Ndani yake mlikuwa na mvua ya kwenye mabati, na msumeno wa kupasulia mbao, na kengele ya kanisa iliyovutwa polepole mpaka ikawa besi. Katikati yake alikuwemo yeye, akiimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba kwaya. Redioni walisema Sefania amerudi akiwa amekomaa. Amekomaa nini, mshenzi yule.

Kwenye wimbo wa saba alisikia baraka za harusi ya Glory, neno kwa neno, kama alivyokuwa akizipanga kichwani tangu mtoto avunje ungo. Hakuwahi kumwambia mtu. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Sefania mwenyewe alikuwa amepanda Shume na albamu yake, amefikia kwa Rubeni, mzee wa kanisa. Rahabu akaenda huko na kipande chake cha ubao, akaandika kwa mkaa: NIRUDISHIE. NATAKA KUMBARIKI MTOTO KWA KINYWA CHANGU.

"Shikamoo, mama," alisema Sefania. Akasubiri kidogo kwa mazoea, kisha akaendelea. "Siwezi. Imeshazoea kule. Nikiitoa, albamu inabaki midundo mitupu."

Rahabu akaandika: MWIZI.

"Mama Glory, tuseme ukweli," alisema Rubeni. "Si uliitikia mwenyewe? Hukushikiwa panga. Na kijana ameitangaza Shume yetu."

Rahabu akafuta ubao kwa kiganja, akaandika tusi. Mzee wa kanisa akalisoma mara mbili, halafu akamgeukia mkewe akaulizia chai. Sefania akasema basi atakuja kupiga muziki harusini bila malipo, ndiyo heshima yake kwa mama. Akalisema hilo kama mtu aliyetoa ng'ombe.

Jumamosi baada ya ibada, spika zikafungwa uwanjani. Ilipofika zamu ya wazazi, Glory akaja shela likiburuta kwenye nyasi, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

Rahabu akafungua kinywa. Akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Uwanja mzima ukamsubiri kwa adabu, na hakikutoka kitu. Sefania akabonyeza kitufe cha mashine yake.

"Marahaba, mwanangu," sauti ya Rahabu ikasema kutoka spika ya kushoto. "Nenda ukakae na watu vizuri. Wakikuchosha, kwenu ni palepale."

Wanawake wakapiga vigelegele. Glory alikuwa analia. Akajivuta kwa magoti, taratibu asichafue gauni, mpaka akaielekea spika, akaiinamishia kichwa apokee baraka zilizobaki. Rahabu akabaki anatazama kisogo cha mwanawe na mikono yake mwenyewe aliyokuwa tayari ameinyoosha.

Mpiga picha akamgusa bega. "Mama, samahani, sogea kidogo. Unaiziba spika."

Rahabu akasogea.