Inchi Mbili za Akiba

...kwa hiyo swali lenyewe rahisi, mzee, kwenu kuna mtu mwingine aliyewahi kuugua moyo, nesi anauliza huku anaminya kile kipira, mkanda wa presha unamkaba fundi mkono wa kushoto, na fundi anataka kucheka, maana huko ni kumuuliza samaki kama kwao kuna unyevunyevu, baba yake alianguka juu ya meza ya kukatia vitambaa, hamsini na mbili tu, mkasi mkononi, shangazi akafuata, anaanika nguo, na kaka yake, yule waliyemwita Pipa, akaondoka katikati ya mzaha aliouanza mwenyewe, mwisho wake hakuna aujuaye mpaka leo... na daktari kashasema, iko kwenye damu, wenzenu wanarithi nyumba, nyinyi mnarithi unene na mishipa ya kuziba, ila ukiwahiwa mapema moyo unapata nafuu, basi na huyu binti yako apimwe leo leo, na binti, pale kwenye benchi, miaka ishirini na sita, akakataa kwa upole uleule wa yule shangazi, "Mimi sijaongezeka, Baba, sketi hii ndiyo niliyoanzia kazi"... sketi hii, ee Mungu, sketi hii... fundi amezunguka nchi saba na cherehani yake, ameshonea wake wa mabalozi na mabaharia walevi, wageni akiwakatia kwa kipimo, lakini nguo ya ndugu, baba alimfundisha, usiikabe, ndani ya mshono ficha inchi mbili za akiba, siku ikimbana iibe, fumua, achia kidogo, piga pasi, irudishe kwenye msumari, usimwambie, mwili wa ndugu hautangazwi, na Pipa akajipiga kifua mbele za watu, suruali ya harusi, jamani, mwaka wa ishirini huu, nyinyi mnanenepa, mimi nimesimama palepale, wakacheka, na fundi akacheka nao, pini mdomoni, akijiona mwema, na siku Pipa anaanguka alikuwa kaivaa, na ni fundi tu aliyejua imefumuliwa mara sita... kumbe ule mbano mdogo wa kiunoni ndio ungewasemesha, wangeshtuka, wangeuliza, na yeye akauziba mdomo kwa uzi... na Jumanne iliyopita, binti anaoga, sketi iko kitandani, mikono ikaenda yenyewe, ikafumua, ikakuta akiba imekwisha, mara ya tatu hii, akaunga kipande ubavuni, rangi ileile, kazi safi, hata malaika asingeona... mwambie sasa, mwanangu, sketi haikudanganyi, mimi ndiye ninayekudanganya, na akishajua je, si ataona hata baba kamficha, atanyanyuka aende zake bila kupimwa, na asipojua... "Mzee?" nesi anaita, kalamu juu ya fomu, na fundi anatafuta mzaha, anapapasa kote unakokaaga, hamna, binti ananyanyua uso anamtabasamia, kama kumwambia mjibu basi tuondoke, midomo yake imeachana kidogo, anahema kama aliyetoka kupanda mlima, kifua kinapanda kinashuka, kinapanda, na wamekaa hapa nusu saa nzima, hakuna aliyenyanyua hata mguu.