Mkunga Asiyehudhuria

Fundi viti hakuzoea ofisi zenye zulia. Alisimama mbele ya mkuu wa idara chuoni, kofia mkononi, akasema lililomleta: jina la marehemu mkewe lisomwe kwenye mahafali. Basi. Hakutaka kingine.

Mkewe alikuwa mkunga. Shahada ya uzamili aliisomea mtandaoni, simu kaiegemeza kwenye sufuria. Maradhi yalipomlaza, akaiegemeza kwenye mto. Wenzake darasani, wote wanawake, wengine wakisoma huku wananyonyesha, walimwita Shangazi. Wakikwama walimgeukia yeye, si mwalimu.

"Pole sana, mzee wangu," mkuu alisema. "Lakini mahudhurio hayakutosha. Kanuni inataka kamera iwake. Yeye kaizima muhula mzima."

"Dawa zilimnyonyoa nywele zote. Mke wa mtu ajianike?"

"Angeomba ruhusa."

"Kwani hamkumsikia akijibu maswali?"

"Sisi tulimsikia. Mfumo ndio hausikii."

"Huyo mfumo kazaliwa na nani, asiyejua mgonjwa?"

Mkuu akakohoa. Wakubwa hawakosei; wakikosea, kosa ni la kanuni. Ili kumpoza mzee, akamgeuzia kompyuta.

"Usidhani hatumuenzi. Kila darasa jipya tunalisikilizisha kipindi chake hiki tulichokirekodi."

Kioo kilikuwa cheusi. Kisha sauti ikatoka, ile ile iliyokuwa ikimgombeza kwa kuingia na viatu.

"Mama aliyefiwa na kichanga msimwambie atapata mwingine. Kaeni naye. Muulizeni mtoto alifanana na nani."

Halafu sauti nyingine, ya kike, imepasuka: "Shangazi, mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nimenyamaza tangu siku hiyo."

"Basi leo sema, mwanangu. Tupo."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo anafundisha, ila hakuhudhuria?"

Mkuu alipangusa miwani.

Maneno "basi kifuteni kipindi chake" yalimfika fundi mdomoni, ya moto kama kaa. Lakini kule ndani ya kompyuta yule mwanamke alikuwa ameanza kusimulia: mtoto alifanana na baba yake, masikio hasa. Mkuu akanyoosha kidole azime.

"Mwache mwenzio amalize," fundi alisema, akavuta kiti bila kukaribishwa.

Siku ya mahafali jina la mkunga halikusomwa. La mkuu lilisomwa, akapewa ngao kwa ubunifu wa kufundisha mtandaoni, na ukumbi mzima ukampigia makofi.