Bildi na Tochi ya Maji

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Bwawani kote aliitwa Bildi, kwa sababu ya bildi, ile risasi nzito ya kupimia kina aliyoirusha tangu ujana wake, imefungwa kwenye kamba yenye mafundo, kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, fundo moja. Kazi yake ilikuwa kukaa omo, mbele kabisa ya boti, kuitupa bildi majini, kuisikiliza kwa vidole ikigusa chini, kisha kupaza sauti: "Pima mbili!" Chini ya risasi alibandika kipande cha sabuni ya kufulia, na sabuni ikirudi na mchanga au tope alijua wako wapi kama mtu anavyojua yuko chumba gani nyumbani kwake hata taa zikizimika.

Boti lile la mbao lilikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa. Neno likitoka omo, mtu wa injini aliyekaa tezi, nyuma kabisa, lazima alirudie vilevile kabla hajafanya lolote. Injini ina kelele zake, na chini ya maji yale kuna visiki vya msitu mzima uliozamishwa bwawa lilipojengwa, kwa hiyo hakuna aliyetaka kukisia. Mtu wa injini alikuwa shemeji yake Bildi, kaka wa mkewe, waliyemwita Plagi kwa kuwa hajapata kuonekana bila plagi ya akiba kwenye mfuko wa shati. Plagi aliifuata sheria ile kwa ukorofi. Siku nyigu alipomuuma Bildi shingoni akapiga ukelele, "Mama yangu!", sauti ilijibu kutoka tezi, kavu kabisa, "Mama yangu!", na wavuta nyavu nusura waanguke majini kwa kicheko.

Kisha maradhi yakaja bila kupiga hodi. Asubuhi moja Bildi aliinuka kitandani akanawe uso, na upande wake wa kulia ukakataa kwenda naye. Kiharusi. Plagi ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani kwenye gari, akimtukana njia nzima kwa uzito wake: "Shemeji, dada yangu anakulisha nini, saruji?" Bildi hakuweza hata kujibu, mdomo ulikuwa umekwenda upande. Na mdomo uliporudi mahali pake, aibu ilikuwa imeshatangulia kukaa. Hao wawili walikuwa watani wa kweli. Kumwambia shemeji yako "ahsante" kwa uso mkavu ilikuwa sawa na kumpa fimbo ya kukuchapia mwaka mzima. Basi lile neno likabaki kifuani.

Mkewe alimlisha kwa kijiko, akamwogesha, akamviringia soksi kuukuu zikawa mpira, akamwekea kiganjani. "Finya, baba. Finya kama unamfinya Plagi." Akafinya. Mguu ulirudi kwa kuchechemea, vidole vikarudi, lakini bega likagoma njiani. Kitu aliweza kukishika vizuri tu, ila kukiinua juu ya kifua hawezi. Na bildi haitupwi kwa vidole, hutupwa kwa bega.

Mwenye boti, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye ghala la barafu pale gatini, alikuja kumjulia hali na fungu la ndizi. Waliodaiwa naye barafu na wasiodaiwa wote walimwita Mama Barafu. "Nahodha," alimwambia, "pumzika sasa. Umefanya kazi ya kutosha. Jumatatu nakwenda na vijana ng'ambo ya bwawa mimi mwenyewe. Ukijiona unaweza, njoo nikuone. Ukiona huwezi, kuna mtu nimempata wa kukaa omo."

Alisema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana ilimuuma. Bildi aliogopa neno "pumzika" kuliko alivyoiogopa hospitali. Usiku huo hakugusa chakula.

Kesho yake Plagi akaja na kitu kimefungwa kwenye taulo.

"Nini tena hii?" Bildi akauliza.

"Tochi."

"Mchana kweupe?"

"Tochi ya maji, shemeji. Unaichovya kichwa, unabonyeza hapa, inapeleka mlio chini ambao sisi hatuusikii. Mlio ukigonga sakafu ya bwawa unarudi, nayo inakuandikia kina hapa kwenye kioo. Hata samaki inakuonyesha."

"Na kupika inapika?"

"Kupika bado. Hapo tumwachie dada."

Ilikuwa kweli na umbo la tochi, rangi ya manjano, ina kitanzi cha kuvaa mkononi. Plagi alieleza kwamba kaipata kwa bwana mmoja aliyekuwa na boti la starehe, sasa kaliuza. "Yule bwana hata mkono alikuwa hautoi nje. Anaikandamiza hivi sakafuni mwa boti, mle ndani, penye maji kidogo, na inasoma vizuri tu." Bildi alijifanya hasikii. Lakini maneno hayo yaliingia kichwani mwake yakaketi.

Wakaijaribu kwenye pipa la maji uani. Kioo kikaonyesha vistari vitupu. Wakaisogeza, wakaigonga, Plagi akaipuliza kama mtu anayepuliza chai. Mke wa Bildi akatoka jikoni akawakuta wameinama, vichwa vimegongana.

"Mnapima pipa langu? Kina chake mimi nawaambia bure. Likiisha, mtakwenda kuchota nyinyi."

"Haijui mapipa, dada," Plagi akasema. "Inataka maji ya maana."

Wakaenda gatini, mchana watu wanapolala. Bildi akapiga magoti kwa taabu, akaichovya, akabonyeza. Nne nukta moja. Plagi akateremsha bildi pembeni yake, wakahesabu mafundo: pima mbili na robo. Bildi akapiga hesabu kidogo kichwani, mita kwenda pima, akaona vimelingana. Akasogea, akachovya tena, wakahakikisha tena. Kila mahali ile tochi ilisema kweli. Haikujua kama chini ni mchanga au tope, hilo lilimfurahisha kidogo, lakini kina ilikijua. Alitaka kulisema lile neno, akafungua mdomo, kikatoka kitu kingine.

"Sharti moja. Asijue mtu."

"Asijue nani?"

"Yeyote. Mimi naitwa Bildi. Sitaki kuitwa Tochi."

Plagi alimtazama, akakunja taulo, akasema, "Haya."

Jumatatu, Bildi alipanda boti asubuhi na koti lake refu, tochi ndani ya koti. Wavuta nyavu, ndugu wawili wapole, walimshangilia, wakampisha omo. Akawaambia upepo wa omo unamchoma bega, leo atakaa katikati. Akaketi pale ngamani, palipo chini kuliko pote, maji yanapojikusanya kabla ya kuchotwa na kumwagwa nje. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ila hawakusema mtu aanzie huko kabisa. Mama Barafu alikaa kwenye sanduku lake la barafu, mikono juu ya tumbo, akimtazama bila kuficha kwamba anamtazama.

Maji makubwa yalikuwa rahisi. Kisha wakafika penye mlango, baina ya safu mbili za visiki, ambapo barabara ya zamani imelala chini ya maji na mvua kila mwaka inahamisha mchanga. Plagi akapunguza mwendo. Bildi akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akaikandamiza tochi kwenye maji ya ngamani, akabonyeza.

Vistari vitupu.

Akabonyeza tena. Akaifuta, akaikandamiza kwa nguvu kwenye ubao. Vistari. Ndipo akakumbuka boti la yule bwana: lilikuwa la faiba, laini kama sahani, na mlio ulipita. Hili lao lilikuwa la mbao nene, na pamba, na lami, viraka juu ya viraka. Mlio ulikuwa unafia humohumo ndani. Alikuwa ameipima gati nzima, na hakufikiria kuijaribu ndani ya boti, kwa sababu kuijaribu kungemlazimu kukiri kwamba anajificha.

Boti likasimama. Injini ilinguruma polepole palepale, haiendi mbele wala nyuma. Plagi alikuwa anatazama mawingu, anapiga mluzi.

"Mbona hatwendi?" Mama Barafu akauliza.

Mmoja wa wavuta nyavu akacheka. "Hapa, Mama, hatujapita tangu nahodha augue. Tunazunguka kule mbali. Plagi kakataa katakata. Anasema bila neno kutoka omo yeye hapiti."

"Kumbe ndiyo maana petroli yangu inakwisha kama imetiwa kwenye pakacha!" Mama Barafu akamgeukia Plagi. "Na mimi uliniambia injini imezeeka."

"Imezeeka pia, Mama," Plagi akasema kwa adabu.

Bildi alibaki ameinama. Miezi yote ile alilala kitandani akidhani mahali pake pameshafunikwa, kumbe shemeji yake alikuwa analizungusha boti mzunguko mzima wa bwawa, siku baada ya siku, ili tu asipite mahali hapa bila sauti ya Bildi. Alijisikia mdogo, na papo hapo akajisikia mwenye watu. Angeweza bado kukisia. Alilijua pito lile, na kukisia kungemtoa mara moja, labda mbili, hadi siku propela ingekula kisiki. Macho yakamlowa, akayaacha.

Akainuka. Akachechemea mpaka omo, mbele ya macho yao wote, akapiga magoti, akavaa kitanzi cha tochi kwenye mkono wa kulia. Ule mkono usioweza kurusha. Akaunyoosha nje ya ubavu wa boti, ukashuka wenyewe kama unavyopenda kushuka siku hizi, vidole vikashika barabara, kichwa cha tochi kikazama majini. Kazi hii haikuhitaji bega. Ilihitaji vidole vilivyofinya soksi.

Boti likayumba naye akayumba. Mtu akamdaka ukosi wa koti. Alikuwa Mama Barafu, amesimama, miguu ameipanua kama mpagazi.

"Endelea, nahodha. Ukianguka tunaanguka wote, na mimi kuogelea sijui."

Mbili nukta saba. Akavuta pumzi.

"Pima moja na nusu!"

Mluzi ulikatika. Kisha sauti ikaja kutoka tezi, imepasuka katikati kama ya mvulana anayebalehe:

"Pima moja na nusu!"

"Mbele taratibu!"

"Mbele taratibu!"

"Pima moja! Kushoto kidogo!"

"Pima moja! Kushoto kidogo!"

"Pima moja kasoro robo! Simama! Rudi, rudi kidogo! Kulia!"

Walipita hivyo, wakinyata kati ya visiki, ubavu wa kulia wakiuona mchanga mpya ukimeta chini yao mahali ambapo mwaka jana palikuwa na njia. Angekisia, wangekuwa juu yake. Nambari zikaanza kupanda, mbili nukta, tatu nukta, na maji makubwa ya upande wa pili yakafunguka. Mama Barafu aliuachia ukosi, akaunyoosha kwa kiganja kama anamtengeneza mtoto anayekwenda shule.

"Yule niliyempata," alisema, "nitamwambia atafute boti jingine. Na hiki kidude, kamba yake ifungwe vizuri. Kikianguka majini nitakutuma ukakifuate." Akarudi kukaa kwenye sanduku lake, akafungua chupa ya chai.

"Nahodha," akasema mvuta nyavu mkubwa, "sasa tukuiteje? Tochi?"

"Muite Bildi," Plagi alidakia kutoka tezi. "Tochi ni jina la mtu mwembamba."

Wakacheka wote, na Bildi akacheka nao, amekaa omo, ubao wake ule ule chini ya makalio yake. Mkono wa kulia ulikuwa unadondosha maji magotini kwake. Aliutazama akaushukuru pia, kimoyomoyo, maana hakuna aliyewahi kuushukuru. Akamkumbuka mkewe na ule mpira wa soksi, akajua atakalomwambia jioni akifika mlangoni. Huko hakukuwa na utani wa kumzuia.

Hapa utani ulikuwepo. Aligeuka akamtazama shemeji yake kule nyuma, shati limevimba upepo, plagi yake mfukoni, uso umekunjwa tayari kwa tusi lolote litakalokuja. Bildi akageukia mbele tena. Akajaza kifua, akapaza sauti ile ya kupimia kina, juu ya kelele za injini, wote wasikie:

"Ahsante!"

Injini ilinguruma. Sheria ilikuwa sheria. Neno likitoka omo, lazima tezi ilirudie vilevile, hata likiwa zito kiasi gani.

"Ahsante!" akajibu Plagi, na hakuongeza utani.