Mkanda Ulioungwa

Mkanda wa kazi ulipokataa kufunga hata kwenye tundu la mwisho, Sindano alikaa kitandani akaukodolea macho kama vile ni shemeji aliyemtukana mbele ya watu. Mumewe alikuwa anafunga viatu. Akacheka.

"Si useme tu kazini, mke wangu? Hiyo ni mimba, siyo bangi. Unaificha ya nini?"

"Nikitoka kozi nitasema."

Basi mambo yote yalianzia hapo. Kazini kwao askari akisema ana mimba, siku hiyohiyo anarudisha bastola ghalani, anawekwa mezani kupokea simu. Kupokea simu siyo dhambi. Shida ni ile kozi ya kupanda cheo, Sindano kaisubiri mpaka kachoka, na kozi hiyo haichukui mtu wa mezani. Ilikuwa inaanza mwezi unaofuata. Akajisemea, navumilia kidogo tu, nani atajua? Jina lenyewe la Sindano alipewa chuoni kwa sababu ya wembamba. Mtu mwembamba akinenepa kidogo, watu wanampongeza.

Mkanda akaupeleka kwa fundi viatu. Fundi akaunga kipande cha ngozi kwa gundi na uzi, akauvutavuta, akamrudishia.

"Afande, suruali itashika. Usije tu ukafungia ng'ombe."

Wakacheka wote wawili, Sindano akaondoka zake.

Sasa, ala ya bastola iliyokaa kwenye huo mkanda ilikuwa ya maana. Siyo zile za zamani za ngozi zilizolegea mdomo kama babu asiye na meno. Hii ilikuwa ya plastiki ngumu, na juu yake ina kilimi kinachoibana bastola. Ukitaka kuitoa lazima usukume kilimi kwa kidole gumba, mbele halafu chini, ndipo uvute. Asiyejua atavuta mpaka jasho limtoke. Kazi ya ala ni hiyo, bastola imtii mwenyewe tu.

Lakini tumbo nalo lina mambo yake. Lilivyosukuma mkanda mbele, ala ikarudi nyuma, karibu na kalio. Chuoni mkufunzi alikuwa anawapigia kelele kila asubuhi, "Kiwiko ndo mlango! Bastola ikae chini ya kiwiko, mtu akiigusa tu ujue!" Kiwiko cha Sindano kilikuwa hakifiki tena. Na kila akijaribu kuchomoa, gumba linapapasa, halioni kilimi. Akaogopa. Akaanza kufanya mazoezi.

Muda wa mazoezi alikuwa nao mwingi, maana alipangwa hospitali, wodi ya mifupa, chumba cha pembeni, kumlinda mahabusu aliyevunjika mguu akiruka ukuta. Walivunja duka usiku, yeye na wenzake, mlinzi akafa. Wenzake walikimbia. Yeye alikuwa amelala pale na mguu wa plasta, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, anakoroma. Sindano akikaa kwenye kiti chake anafanya taratibu: gumba mbele, gumba chini, inua kidogo, rudisha. Tak. Tak. Siku nzima, tak. Mahabusu anakoroma tu, mdomo wazi.

Asubuhi ya siku hiyo akaja mama yake mahabusu. Alikuwa na kibali, kwa sababu kesho yake mwanawe alikuwa anahamishiwa gereza. Koplo, aliyekuwa zamu moja na Sindano, akapekua mfuko wake: sabuni, shati, kandambili. Akamruhusu.

"Sindano, nashuka chini kutafuta chai," Koplo akasema. "Ila we dada siku hizi siyo sindano tena. Umekuwa msumari wa bati."

"Nenda bwana, na maneno yako."

Koplo akashuka huku anacheka. Mama akamtazama Sindano mara moja tu, kutoka kifuani kwenda chini.

"Miezi mingapi, mwanangu?"

Sindano akahisi masikio yanawaka. "Nimenenepa tu, mama."

"Haya." Mama akatabasamu kidogo. "Basi kaa, usisimame sana. Miguu itakuvimba kwa huo unene wako."

Tangu mimba iingie hakuna mtu aliyewahi kumwambia akae, zaidi ya mumewe. Moyo ukalainika. Kwa hiyo mama aliposema, "Mwanangu, naomba unisaidie kumvuta juu, kateleza kwenye mto, mimi mikono haina nguvu tena," Sindano hakujiuliza mara mbili. Akainama juu ya kitanda, akamshika mahabusu makwapani kwa mikono miwili, mgongo kaupa mlango, na mama yuko nyuma yake.

Kitu kikamvuta kalioni.

Kwanza alidhani kanasa kwenye kitasa cha kabati. Halafu akasikia pumzi ya mtu shingoni.

Aisee. Akamwachia mahabusu, akageuza mikono yote miwili nyuma, akaikandamiza bastola ndani ya ala kwa nguvu zote, kama alivyofundishwa. Ikandamize chini, halafu geuka kwa nguvu umtupe mtu pembeni. Kukandamiza akakandamiza. Kugeuka, alipojaribu tu, tumbo likagonga chuma cha kitanda. Akasita. Nusu ya pumzi, siyo zaidi. Mtoto! Mama hakusita. Alikuwa ameikumbatia ile ala kwa mikono miwili, ananing'inia nayo kwa uzito wote, hasemi neno, analia huku anavuta.

"Mama, achia! Achia, mama! Nisaidieni jamani!"

Nani aje? Wodi ya mifupa kupiga kelele ndo lugha ya pale. Mtu ananyooshwa mguu, anamwita marehemu bibi yake, manesi wanapita na toroli wala hawageuki. Redio ya Sindano ilikuwa dirishani inachaji, ng'ambo ya kitanda, upande wenye mkono wa mahabusu usio na pingu. Na mahabusu hakuwa anakoroma tena.

Ala ilikataa. Kilimi hakikutingishika hata kidogo. Kilichokatika ni uzi wa fundi viatu.

Krrr! Mkanda ukaachia pale ulipoungwa, ukachomoka wote kwenye suruali, na ala yake na bastola yake, mama akaanguka nao chini karibu na mlango. Sindano akabaki kashika suruali kwa mkono mmoja isimdondoke.

Mama akaivuta bastola. Haitoki. Akaiweka katikati ya magoti akavuta tena. Haitoki.

"Siyo hivyo, mama!" Mahabusu alikuwa ameinuka kitandani. "Kuna kilimi pale juu. Gumba. Sukuma mbele, halafu chini. Mbele, halafu chini! Ndo anavyofanya huyo kila siku."

Tak, tak, siku nzima. Kumbe Sindano alikuwa anafundisha darasa.

"Kilimi sikioni," mama akasema, gumba linateleza kwenye plastiki. "Kiko wapi, baba? Sikioni."

"Basi irushe! Leta huku!"

Sindano akajiweka katikati, kati ya mama na kitanda. Kumrukia yule mama aliogopa. Akirukiwa, itarushwa. Ikirushwa, gumba la huyu wa kitandani halitapapasa.

"Mama, nisikilize. Ukimpa hiyo, hafiki ngazi. Getini kuna askari wana bunduki."

"Na nisipompa? Kesho mnampeleka wapi?" Sauti ya mama ilipanda ikakatika. "Nimebaki na huyu tu. Nikifa atanifunika nani? Wewe?"

"Watamuua leo, mama. Hapo kwenye korido. Utamwona kwa macho yako."

"Usimsikilize, anakutisha! Mama, rusha!"

Mama akauinua mkono wenye ala. Sindano akafumba macho, akaweka kiganja tumboni bila hata kujua. Hakusikia kitu kinaruka. Alipofumbua, mama alikuwa anakitazama kile kiganja.

"Nikikupa," akamwambia mwanawe taratibu, "huyu utamfanya nini?"

"Leta kwanza."

"Nimekuuliza. Huyu na alichobeba, utawafanya nini?"

"Mama, unanichelewesha! Leta kwanza, hayo baadaye!"

Koridoni toroli ikapita, gurudumu linalia.

"Uliniapia," mama akasema. "Ulishika mkono wangu ukaniapia yule mlinzi hukumgusa."

Mahabusu alikuwa haangalii mama, anaangalia ala.

Hapo mama akaishiwa nguvu. Akaishusha ala sakafuni, akaivuta chini yake, akaikalia, magoti kayakunja, uso kaufunika kwa kanga. Mwanawe akaanza kumtukana. Matusi ambayo mtu hamtukani hata mwizi wake, sembuse aliyemzaa. Akaipigiza pingu kwenye chuma, kitanda kizima kikawa kinaruka, plasta inagonga. Mama hakuinua uso.

Sindano akapiga magoti mbele yake.

"Mama, inuka."

"Siinuki. Nikiinuka mimi mtanifunga, yeye mtampiga."

"Naomba, mama yangu. Naomba."

Akapenyeza mkono chini, polepole, akapita kwenye kanga, akagusa plastiki, akagusa mpini. Mama akajisogeza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Bastola ikaja, na ala yake na mkanda wake unaburuzika.

"Sema umejikwaa," mama akamnong'oneza. "Sema mkanda umekatika wenyewe. Mimi nitasema hivyohivyo. Na lako la tumboni sijaliona."

Buti zilikuwa zinapanda ngazi.

Na Sindano alitaka. Mungu anajua alivyotaka. Mama arudi nyumbani kwake, yeye aende kozi, suruali aifunge kwa kamba ya aina yoyote, wote waseme wamejikwaa. Neno lenyewe lilishafika mdomoni.

Koplo akaingia na vikombe viwili vya chai.

"Kulikoni? Kelele za kitanda mpaka chini nazisikia. Na wewe, mama, mbona uko sakafuni?"

"Nilijikwaa," mama akasema haraka.

"Pole." Koplo akacheka, akapita moja kwa moja kwenda kuweka vikombe dirishani, mikono yote imejaa chai, ubavu kampa mahabusu. Kwenye ule ubavu ilikuwepo ala ya plastiki ngumu, sawasawa na ya Sindano, kilimi kinang'aa juu. Mahabusu alikuwa ameacha kutukana. Vidole vya mkono wake ulio huru vilikuwa vinajinyoosha juu ya shuka.

"Koplo, toka hapo!" Sindano akapiga ukelele. "Anajua kuifungua! Toka!"

Chai ikamwagika yote. Koplo akaruka nyuma mpaka ukutani, kiwiko kimebana bastola, macho yamemtoka. Mkono wa mahabusu ukarudi chini ya shuka.

"Anajua nini?"

"Kilimi. Nimemfundisha mimi, nilikuwa nafanya mazoezi hapa, nilidhani kalala." Maneno yakawa yanatoka yenyewe sasa. "Akae na askari asiye na bastola, koplo. Yeyote atakayekuja umwambie."

Koplo akaangalia mkanda uliokatika, akaangalia kandambili zilizotawanyika, akamwangalia mama.

"Na huyu?"

Mama akamtazama Sindano, hakumwomba kitu.

"Ndiye aliyeing'oa," Sindano akasema. "Na ndiye aliyeikalia. Yote mawili uyaandike, koplo. Usiandike moja."

"Mkanda gani huu unang'olewa na mama mtu mzima?"

"Niliuunga. Nina mimba."

Koplo akaichukua redio dirishani kwa kuzunguka mbali na kitanda, akaita watu. Walikuja wawili, wakamwinua mama makwapani, naye akainuka mwenyewe, akatengeneza kanga, akatoka bila kumgeukia mwanawe wala mtu mwingine.

"Nipe hiyo," Koplo akamwambia Sindano, mkono kaunyoosha.

"Chukua."

"Achia basi."

"Nimeachia, koplo."

"Hujaachia, dada yangu. Angalia."

Akaangalia. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania mpini mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na kila akiviambia vifunguke, havisikii. Koplo akachuchumaa mbele yake, akaanza kuvibandua, kimoja baada ya kingine, taratibu, huku anamwambia apumue.